Dawa ya mti na mapigo ya moyo: kwa nini uchunguzi unaanza na kidudu cha maji

Siku ya soko huko Kailo, pembeni ya meza za mihogo, samaki wa kukausha na mafuta ya ngazi, hakukosi mama au mzee aliyetandika mkeka wake wa dawa. Kuna mizizi iliyofungwa kwa kamba, kuna maganda ya miti, kuna unga ndani ya chupa ndogo. Hii ni ya tumbo, ile ya mgongo, nyingine ya moyo unaopiga mbio, nyingine ya tansio. Mnunuzi anauliza: "Naichemsha namna gani?" Jibu linakuja bila kusita: "Glasi moja asubuhi, glasi moja jioni."

Glasi ya ukubwa gani? Mzizi mnene kama kidole ama kama mkono? Umechemka dakika kumi ama kutwa nzima? Hapo kila mtu ana kipimo chake.

Chukua mfano wa baba mmoja wa miaka 55, aliyefanya kazi ngumu kwenye machimbo ya kasiterite. Kituo cha afya wamempima tansio, iko juu, wamempa vidonge. Nyumbani shemeji yake amemletea mizizi. Anakunywa vyote viwili, na muuguzi hamwambii kitu, anaogopa kugombezwa. Wiki tatu baadaye kizunguzungu kinamshika, moyo unapiga polepole halafu unaruka. Ni ugonjwa wenyewe? Ni vidonge? Ni mizizi? Ama ni vyote vimekutana ndani ya damu moja?

Muuguzi hawezi kujibu kwa kuangalia mzizi kwa macho. Hata daktari wa hopitali kubwa, akiwekewa mezani mzizi asioujua, hawezi. Lakini kuna namna ya kuanza kutafuta jibu, na inaanzia mahali ambapo wengi hawategemei: ndani ya tone la maji, kwa kidudu cha milimita tatu ambacho moyo wake unaonekana wazi ukipiga.

Mti kugusa moyo si jambo jipya

Kuna wanaosema dawa ya mti haina nguvu, ni maji ya rangi tu. Kuna wengine wanaosema ni kitu cha asili, kwa hiyo haiwezi kumdhuru mtu. Historia inawakatalia wote wawili.

Katika safari ya mto Zambezi, kati ya 1858 na 1864, David Livingstone alikuwa pamoja na daktari na mtaalamu wa mimea aliyeitwa John Kirk. Huyu Livingstone ndiye aliyefika baadaye Nyangwe, hapa Maniema, mwaka 1871. Kirk naye alikuja kuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Huko Zambezi, Kirk aliona wawindaji wakipaka mishale yao sumu iliyotoka kwenye mbegu za mmea unaoitwa Strophanthus. Habari inayosimuliwa ni kwamba mswaki wake ulikuwa umewekwa pamoja na ile sumu. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na alipojishika mkono akakuta mapigo yake yamebadilika.

Mbegu zilipelekwa Scotland, kwa Thomas Fraser wa Edinburgh. Fraser hakuanza na wagonjwa. Alianza na vyura. Moyo wa chura unaweza kuendelea kupiga muda mrefu hata baada ya kutolewa mwilini, na mtu anaweza kuona kwa macho unavyofanya ukipata sumu. Fraser aliona moyo unakaza kwa nguvu zaidi, na dozi ikizidi, unakaza na hauachii tena. Kutoka kwenye mbegu zile ilipatikana strofantini, dawa ambayo hopitali za Ulaya, hasa Ujerumani, zilitumia kwa miaka mingi kuusaidia moyo uliochoka. Sumu ya mshale na dawa ya mgonjwa zilikuwa kitu kimoja. Kilichozitenga ni dozi.

Mfano wa pili ni mwavi, mti ambao wataalamu wanauita Erythrophleum suaveolens. Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika, mtu akishtakiwa uchawi alinyweshwa maji ya maganda yake. Akitapika, anaachiwa. Akifa, wanasema alikuwa na hatia. Leo inajulikana kwamba maganda hayo yana erithrofleini, kitu kinachobana moyo. Aliyetapika mapema alitoa sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Aliyekufa hakuwa mchawi: sumu ilibaki ndani na ikafika kwenye moyo.

Mfano wa tatu uko karibu kabisa. Watu wa Kivu wanajua kenkina, mti unaotoa kinini, na kiwanda cha Pharmakina huko Bukavu kimejulikana kwa kazi hiyo. Kinini ni dawa ya malaria. Lakini mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba moyo wake uliokuwa ukipiga ovyo ulitulia kila alipomeza kinini. Daktari hakuamini mpaka alipoona mwenyewe. Mwaka 1918 kule Berlin, daktari Walter Frey alionyesha kwamba kinidini, ndugu wa kinini kutoka ganda lilelile, inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Baadaye ikaonekana pia kwamba kinidini ikizidi inaweza yenyewe kuvuruga moyo.

Na katika misitu ya Kongo unaota Rauvolfia vomitoria, ambao mizizi yake waganga wa sehemu nyingi za Afrika wanaitumia kwa kichaa na kwa tansio. Ndani yake kuna reserpini, inayoshusha tansio, na ajmalini, inayobadilisha umeme wa moyo. Reserpini ilitolewa kwanza mwaka 1952, huko Basel, kutoka kwenye mmea wa India wa jamii hiyohiyo, ikawa kidonge cha tansio. Kwa hiyo mganga anayesema mzizi huo unashusha tansio hasemi uongo. Shida ni kwamba mgonjwa akiumeza juu ya vidonge vya hopitali, tansio inaweza kushuka kupita kiasi na moyo ukapunguza mwendo.

Kwa nini kidudu, kwa nini si mtu?

Tangu Fraser na vyura vyake, shauri halijabadilika: kabla ya kumpa mtu kitu kisichojulikana, angalia kwanza kinaufanya nini moyo wa kiumbe kidogo. Kilichobadilika ni kwamba leo hakuna haja ya kupasua mnyama. Kuna viumbe ambavyo miili yao inapenya mwanga kama kioo.

Wa kwanza ni dafnia. Ni kidudu cha maji baridi, jamii ya mbali ya kamba na kaa, kinaishi kwenye mabwawa na madimbwi. Kikubwa kinafika milimita chache tu. Ukikiweka chini ya mikroskopi ya kawaida, ile ya shule, unaona tumbo lake, mayai yake, na mgongoni, nyuma ya kichwa, kifuko kidogo kinachotetema bila kupumzika. Huo ndio moyo. Mara nyingi unapiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Tena dafnia jike anaweza kuzaa bila dume, na watoto wake wanafanana naye kabisa. Hiyo inasaidia sana: ukiwapa watoto wa mama mmoja dozi tofauti, tofauti utakayoona inatokana na dozi, haitokani na ukoo.

Wa pili ni samaki mdogo mwenye milia, Danio rerio, asili yake Asia ya kusini. Akiwa mkubwa anakuwa na sentimita nne hivi. Jike anataga mayai mamia, na mtoto ndani ya yai anaonekana wazi. Saa 24 hivi baada ya yai kurutubishwa, moyo unaanza kupiga. Siku ya pili unapiga kati ya 120 na 180 kwa dakika, karibu sawa na wa mtoto aliye tumboni mwa mama. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kama asilimia 70 ya jeni za mtu zina ndugu yake kwa samaki huyu. Moyo wake una vyumba viwili, wa mtu una vinne, lakini umeme unaouendesha unafanana kwa mambo mengi.

Wa tatu ni artemia, kidudu cha maji ya chumvi. Mayai yake yanakaa makavu kwenye kopo miezi na miezi, halafu ukiyatia kwenye maji ya chumvi yanaanguliwa kwa siku moja au mbili. Mwaka 1982, watafiti wa chuo kikuu cha Purdue kule Marekani waliandika njia rahisi: weka artemia kwenye dawa ya mti ya vipimo mbalimbali, kesho yake hesabu waliokufa. Kipimo hicho hakisemi chochote juu ya moyo. Kinasema tu kama kuna kitu chenye nguvu ndani ya mmea. Ni bei nafuu, ndiyo maana vyuo vingi vya Afrika vinakitumia. Taasisi ya dawa za asili ya Muhimbili, Dar es Salaam, imepima hivyo mimea mingi ya waganga wa Tanzania.

Kipimo kinafanywa namna gani?

Ukisikia neno utafiti unafikiri mashine kubwa. Kipimo cha dafnia hakihitaji hivyo. Kinachohitajika zaidi ni uangalifu.

Kwanza kabisa ni jina. Mmea unachumwa, tawi lenye majani na maua linakaushwa kati ya magazeti, na mtaalamu wa mimea analitambua. Bila hilo kazi yote ni bure, kwa sababu jina moja la kijijini linaweza kubeba miti miwili, na mti mmoja unaweza kuwa na majina manne, kila kabila lake.

Pili ni mizani. Ganda linakaushwa, linasagwa, linapimwa. Tuseme gramu 10 ndani ya mililita 100 za maji, linachemshwa kama mganga anavyochemsha, dakika zilezile. Halafu linachujwa. Maji yanayopatikana yanaongezwa maji safi mara kumi, mara mia, mara elfu. Sasa kuna ngazi ya dozi, kutoka kali mpaka hafifu.

Tatu ni kulinganisha. Dafnia wa kundi la kwanza wanabaki kwenye maji yao peke yake. Bila kundi hili huwezi kujua kitu. Kama dawa inalowekwa kwenye lotoko, lazima liwepo kundi lingine linalopata lotoko hafifu bila mti, kwa sababu pombe yenyewe inapunguza mapigo ya dafnia. Ukisahau hilo utasema mti umetuliza moyo, kumbe ni pombe.

Nne ni kuhesabu. Jicho haliwezi kuhesabu mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Njia ya zamani ni kugonga karatasi kwa ncha ya kalamu kila moyo unapopiga, kwa sekunde kumi, halafu kuhesabu nukta. Leo wengi wanaweka telefone juu ya jicho la mikroskopi, wanachukua video, wanaipunguza mwendo. Anayehesabu hapaswi kujua ni dafnia gani amepata dawa, kwa sababu anayetamani jambo fulani huliona hata kama halipo.

Tano ni joto. Taa ya mikroskopi inapasha tone la maji, na moyo wa dafnia unaongeza mwendo kadiri maji yanavyopata moto. Kipimo cha asubuhi na kipimo cha saa nane mchana havilingani kama joto halikuandikwa.

Sita, na hapa ndipo kuna faida kubwa, kidudu kinarudishwa kwenye maji safi. Je, mapigo yanarudi kama mwanzo? Yakirudi, ile dozi iligusa moyo ikauachia. Yasiporudi, ile dozi imeharibu. Kati ya dozi ya kwanza inayogusa na dozi inayoharibu kuna nafasi. Nafasi ikiwa kubwa, dawa ina usalama kiasi. Ikiwa ndogo, kama ilivyo kwa strofantini, basi kupimia kwa glasi na kiganja ni hatari, hata kama dawa yenyewe ni ya kweli.

Vidudu hivi vimekwisha kuonyesha nini?

Mwaka 2003, watafiti wa hopitali kuu ya Massachusetts kule Boston walichapisha kazi yao juu ya samaki wa milia. Walijaribu madawa 100 ya hopitali. Kati ya hayo, 23 yalikuwa yanajulikana kuvuruga umeme wa moyo wa mtu. Kwa samaki, 22 kati ya hayo 23 yalipunguza mapigo. Lakini kuna jambo la kukumbuka: machache hayakuonyesha kitu mpaka yalipochomwa sindano ndani ya mtoto wa samaki, kwa sababu yalikuwa hayapenyi kutoka majini. Kimya cha samaki hakikuwa na maana kwamba dawa ni salama.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 2011, watafiti wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na mwenzao wa chuo kikuu cha Muhimbili, walichapisha uchunguzi wa mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kwa kutumia watoto wa samaki wa milia. Wao hawakuhesabu mapigo. Waliangalia mishipa ya damu inavyokua. Miwili iliyowavuta zaidi ni Oxygonum sinuatum, mmea mdogo wa miiba unaoota mashambani, na Plectranthus barbatus, unaopandwa kwenye nyua za watu wengi. Walifuata nyayo mpaka wakakipata kitu chenyewe kilicho ndani ya kila mmoja. Kazi ilianza kwa waganga na wanakijiji, ikapita kwa samaki, ikaishia kwenye jina la kitu kinachoweza kupimwa kwa miligramu.

Huku kwetu, kituo cha utafiti cha Lwiro, Kivu ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1947, kimefanya kazi nyingi juu ya mimea ya dawa. Kindu ina chuo kikuu na ina shule ya juu ya mambo ya tiba. Mikroskopi, mizani na ndoo ya dafnia si vitu vinavyohitaji umeme wa kiwanda. Mwanafunzi wa hapa anaweza kujifunza kipimo hiki kwa mikono yake.

Mipaka ya kidudu

Hata hivyo, inafaa kusema wazi mambo ambayo kidudu hakiwezi.

Dafnia hana tansio ya kupimwa kwa mashine ya mkononi. Hawezi kusema kama mzizi unaponya ugonjwa wa tansio. Anasema tu: kitu hiki kinagusa moyo, kwa dozi hii, kwa upande huu. Dafnia anaishi ndani ya dawa, anaogelea ndani yake. Mtu anaimeza, inapita tumboni na kwenye ini, na ini linaibadilisha. Kingine kinapotea, kingine kinakuwa kikali zaidi.

Tena mnyama anaweza kudanganya. Panya wa labo anavumilia sumu za jamii ya strofantini na wabaina kwa dozi ambazo zingemuua mtu, kwa sababu pampu ya chumvi iliyo ndani ya chembe za moyo wake haishikwi kirahisi na sumu hizo. Mtu akisema "tulimpa panya, hakufa, kwa hiyo dawa ni salama," kwa sumu hii atakuwa amekosea vibaya sana. Ndiyo maana watafiti hawategemei kiumbe kimoja. Wanaanza na dafnia au artemia, wanaenda kwa samaki, wanaenda kwenye chembe za moyo wa mtu zilizokuzwa kwenye labo, na mwisho kabisa wanafika kwa watu waliokubali wenyewe, wakisimamiwa na madaktari.

Hatua hiyo ya mwisho haiwezi kurukwa. Mfano wake mzuri ni Hibiscus sabdariffa, jamii ya ngai-ngai, yenye maua mekundu ambayo Afrika Magharibi wanatengenezea kinywaji cha bissap. Watu walisema siku nyingi kwamba inashusha tansio. Kule Boston, watu wazima 65 waligawanywa: wengine walikunywa chai yake vikombe vitatu kwa siku, wengine kinywaji kinachofanana nayo ambacho hakikuwa na hibiscus, kwa wiki sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Tansio ya juu ilishuka kwa wastani wa pointi 7 hivi kwa waliokunywa chai yenyewe, na pointi 1 hivi kwa wale wengine. Maneno ya watu yalikuwa ya kweli, lakini sasa yana kipimo: vikombe vingapi, siku ngapi, pointi ngapi. Na pointi 7 hazimtoshi mtu mwenye tansio ya 180.

Siri ya mganga

Kuna sababu nyingine inayofanya mizizi mingi isifike kwenye mikroskopi: mganga hataki kusema. Na ana haki ya kuogopa. Jina la Kirk liko kwenye vitabu, la Fraser pia. Wawindaji waliojua sumu ile kabla yao, na familia zao, faida ya strofantini haikuwafikia.

Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana huko Nagoya, Japani, kwamba anayetumia mmea na elimu ya wenyeji lazima aombe ruhusa kwanza na agawane nao faida. Karatasi peke yake haitoshi. Mtafiti anayekuja kijijini anapaswa kuandika makubaliano mbele ya mganga na wakubwa wa kijiji kabla ya kubeba hata jani moja, na akimaliza arudi na matokeo, hata kama matokeo ni mabaya. Mganga naye anapata kitu ambacho hawezi kukipata peke yake: kujua dozi ambapo dawa yake inageuka. Hakuna mganga anayefurahi mgonjwa wake akianguka.

Wakati huo huo, Kailo mtu afanye nini?

Kwa mizizi mingi inayouzwa sokoni, kipimo cha moyo hakijafanywa. Kwa hiyo mgonjwa wa tansio au wa moyo anaweza kujilinda kwa mambo machache.

La kwanza, amwambie muuguzi kila kitu anachokunywa: mizizi, majani ya avoka, unga wa chupa, lotoko, hata makasu. Makasu yana kafeini, na kafeini inaweza kuongeza mwendo wa moyo na kupandisha tansio. Muuguzi naye asigombeze. Mgonjwa akigombezwa leo, kesho atanyamaza.

La pili, asiache vidonge vya tansio ghafla kwa sababu amepata mzizi, na asiongeze mzizi juu ya vidonge bila kuuliza. Tansio inayopanda haina kelele. Inaweza kupasua mshipa wa kichwa kwa mtu anayejisikia mzima.

La tatu, ajue alama za hatari baada ya kunywa dawa ya mti: kichefuchefu na kutapika, kuona vitu vya manjano au vyenye ukungu, kizunguzungu, mapigo yanayoenda polepole sana au yanayoruka, kuzimia. Hapo aache ile dawa na akimbizwe kituo cha afya siku hiyohiyo, bila kungojea kesho.

La nne, anayempeleka mgonjwa abebe na kile alichokunywa: kipande cha mzizi, ganda, majani, chupa. Na aseme kilichemshwa namna gani, glasi ngapi, saa ngapi. Kwa daktari habari hiyo ina thamani kubwa.

La tano, asifanye kipimo cha dafnia nyumbani kisha akaamua dozi ya mtu. Kipimo hicho ni cha kujifunza na cha kuonya. Kidudu kikinyamaza, hakijampa mtu ruhusa ya kunywa.

Yule baba wa miaka 55, akiweka mzizi wake juu ya meza ya muuguzi pamoja na paketi ya vidonge, muuguzi anaweza kumpima mapigo na tansio, akamwambia asimamishe mzizi kwa wiki mbili, halafu akampima tena. Kizunguzungu kikiondoka, wamejua jambo. Kisipoondoka, wamejua jambo lingine, na vidonge vyenyewe vinaangaliwa upya. Kazi hiyo inahitaji mashine ya tansio, saa yenye mshale wa sekunde, na mgonjwa anayesema ukweli.